Saa 51 mbele ya kufuli moja: Hobbs na Bramah, London 1851

Dirishani mwa duka namba 124, mtaa wa Piccadilly, London, palikuwa na kufuli dogo la kutosha kiganjani pamoja na tangazo la maandishi ya dhahabu. Fundi atakayetengeneza chombo cha kulichokonoa au kulifungua, lilisema tangazo, atapewa gini 200 papo hapo. Gini 200 ni pauni 210, na kwa kipato cha fundi wa wakati ule hizo zilikuwa hela za kumtoa mtu usingizini. Joseph Bramah, mwenye duka, alikuwa amesajili hataza ya kitasa chake mwaka 1784. Alifariki 1814, wanawe wakarithi duka, kufuli na tangazo. Nusu karne ikapita tangu tangazo liwekwe na hela hazikutoka.

Zilitoka mwaka 1851. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu sisi tunaochokonoa vitasa mezani, yaani kuvifungua bila ufunguo, kwa kujifurahisha tunafanya hadi leo kazi ileile aliyoifanya Mmarekani mmoja ndani ya chumba cha ghorofani kule London, tofauti ikiwa ni umbo la vyuma. Pia ugomvi uliozuka baada ya kufuli kufunguka ndio ugomvi tunaoendelea nao: kitasa kikifunguliwa na mjuzi kwa saa nyingi, kimeshindwa au hakijashindwa?

Alfred Charles Hobbs alizaliwa Boston mwaka 1812. Alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni ya Day & Newell ya New York, na namna yake ya kuuza haikuwa na maneno mengi. Alikwenda kwa wenye benki, akawafungulia kitasa walichokiamini mbele ya macho yao, kisha akawaonyesha cha kwake. Mwaka 1851 alitumwa London kuonyesha kitasa cha kampuni hiyo, kilichoitwa Parautoptic, kwenye Maonyesho Makubwa yaliyofunguliwa na Malkia Victoria tarehe 1 Mei ndani ya Jumba la Kioo, bustani ya Hyde Park. Waingereza walikuja pale kujionyesha kwa dunia, na vitasa vyao vilikuwa sehemu ya fahari hiyo. Hobbs akaanza kusema waziwazi kwamba anaweza kuvifungua.

Hakuanza na Bramah, alianza na Chubb, kampuni nyingine ya vitasa ya Waingereza, na hapo ndipo somo la kwanza lilipo.

Kitasa cha Chubb kilikuwa cha leva, yaani vipande vya chuma ndani ya kitasa vinavyoinuliwa na ufunguo. Ukiinua kila leva hadi kimo chake hasa, ulimi wa kitasa unapita. Mafundi wengi walikuwa na vitasa vya namna hiyo. Kilichokipa Chubb jina ni kile alichokiongeza Jeremiah Chubb mwaka 1818: kinasi. Leva ikiinuliwa kupita kiasi, kinasi kinaikamata na kitasa kizima kinaganda. Mwenye nyumba akija na ufunguo wake anakuta haufungui kama kawaida, anajua kuna mkono uliopita hapa. Anazungusha ufunguo upande wa pili kwanza, kinasi kinaachia, ndipo anafungua. Kilijaribiwa na mfungwa mmoja aliyekuwa fundi vitasa, akiwa kwenye meli iliyotumika kama gereza huko Portsmouth. Aliahidiwa msamaha na pauni 100 akifaulu. Alihangaika nacho kwa wiki nyingi, akanyoosha mikono.

Tarehe 21 Julai 1851 Hobbs aliwaandikia barua Chubb, kwa heshima zote, kwamba kesho yake saa tano asubuhi angejaribu kufungua kitasa chao kilichokuwa kwenye mlango wa chumba cha kuhifadhia mali, namba 34 Great George Street, Westminster, na kwamba wanakaribishwa kushuhudia. Hawakwenda. Mbele ya mashahidi kitasa kilifunguka kwa takriban dakika 25. Wakamwomba akifunge tena bila ufunguo, akakifunga kwa dakika chache, bila kukiumiza.

Aliwezaje? Mtu yeyote aliyewahi kushika chuma cha kuchokonolea ataanza kutabasamu akikifikiria kile kinasi. Mchokonoaji yumo gizani, hajui leva imefika wapi. Kinasi kinamwambia: hii umeipitisha. Kwa mlinzi hiyo ni kengele ya hatari, lakini kwa anayechokonoa ni kipimo. Ukijua jinsi ya kukiachia kinasi kwa kuzungusha upande wa pili, na njia hiyo ilikuwamo ndani ya kitasa kwa ajili ya mwenye ufunguo, basi unaweza kuuliza swali lilelile mara nyingi upendavyo na kila mara ukapata jibu. Chubb walitengeneza kitasa cha kumsaliti mwizi, kikawa kinausaliti na ufunguo.

Sasa Bramah.

Ufunguo wake ni bomba fupi, nene kidogo kuliko kalamu, na mdomoni mwake mmechanjwa mikato ya vina tofauti. Ndani ya kufuli kuna silinda, na kuizunguka silinda kuna mabapa membamba ya chuma yanayoteleza mbele na nyuma kwenye mifereji yake. La dirishani lilikuwa na mabapa 18. Springi inayasukuma yote kuelekea mdomoni. Kila bapa lina pengo mahali fulani, na mahali hapo hapafanani na pa jirani yake. Bamba la chuma lililokazwa ndani linaizuia silinda isizunguke hadi mapengo yote 18 yasimame sambamba nalo. Bomba la ufunguo likisukumwa ndani, kila mkato unalipeleka bapa lake kwenye kina chake, silinda inazunguka.

Ukiwa na mabapa 18, kubahatisha ni kazi ya vizazi. Bramah alikuwa sahihi kabisa kwenye hesabu hiyo, ila alihesabu kitu ambacho mchokonoaji hakifanyi. Hakuna anayebahatisha mabapa yote kwa pamoja.

Chukua kitasa cha kawaida cha mlangoni, kile cha ufunguo bapa wenye meno. Ndani kuna pini tano au sita, kila moja imekatwa vipande viwili, juu yake springi. Ufunguo sahihi unazinyanyua zote hadi mikato yake ikae kwenye mpaka kati ya silinda na mwili wa kitasa. Ukiikaza silinda kidogo kwa chuma kilichopinda, kana kwamba unataka kuizungusha, bila kuweka ufunguo, pini ndizo zinazoizuia. Kama matundu ya pini yangetobolewa kwa ukamilifu wa malaika, zote zingebanwa kwa nguvu sawa na ungekuwa umekwama. Lakini yametobolewa na mashine, na mashine haina ukamilifu huo. Tundu moja limekaa pembeni kwa unene wa unywele, basi pini yake inabanwa kabla ya wenzake. Unaitafuta hiyo moja. Unaisukuma taratibu hadi ifike mpakani, silinda inasogea kidogo kiasi ambacho kidole kinahisi na jicho halioni, kisha pini nyingine inabanwa. Unaifuata. Badala ya mamilioni ya njia, una maswali sita yanayojibiwa moja baada ya jingine. Kwa Bramah yalikuwa 18.

Hiyo ndiyo kazi yote, na ndiyo aliyoifanya Hobbs. Makubaliano yaliandikwa, wakateuliwa waamuzi watatu, miongoni mwao mhandisi George Rennie na Profesa Cowper wa King's College. Hobbs akapewa siku 30. Kufuli likatolewa dirishani na kupelekwa kwenye chumba cha juu, likafungiwa ndani ya mbao hivi kwamba tundu la ufunguo pekee ndilo lililobaki wazi. Alianza tarehe 24 Julai, siku mbili tu baada ya kitasa cha Chubb. Lilifunguka tarehe 23 Agosti. Kwa hesabu ya waamuzi alikaa mbele yake kwa takriban saa 51, zilizogawanyika katika siku 16.

Saa 51 si mchezo. Hebu fikiria vidole vyako kwenye saa ya tatu tu. Ugumu wa kwanza ulikuwa ile springi: ina nguvu, na ukiachia mkono mara moja inarudisha mabapa yote mdomoni na kazi ya jana inakuwa bure. Hobbs alifunga kwa skrubu, kwenye ule ubao uliolizunguka kufuli, chombo cha kuishikilia springi na kumwachia mikono. Kisha akaikaza silinda na kuyapapasa mabapa kwa vyuma vyembamba, lipi limebanwa, lipi liko huru. La kubanwa akalisukuma hadi litulie, akapima kina chake. Ukisoma maelezo ya kazi hiyo unaona kwamba nusu yake ilikuwa utunzaji wa kumbukumbu. Asiyeandika vipimo hufanya kazi ileile mara kumi.

Watengenezaji walikuwa wameanza kuelewa kabla ya Hobbs kuvuka bahari. Mwaka 1817 fundi mmoja wa karakana ya Bramah alibuni kitu ambacho hadi leo ndicho roho ya vitasa vigumu: mapengo ya uongo. Bapa likawa na pengo moja la kweli na mengine mafupi kandokando yake. Mchokonoaji anasukuma, bapa linajisikia limetulia, silinda inasogea kidogo, anafurahi. Kumbe kaingia kwenye pengo la uongo, na kila bapa linalofuata analolifanyia kazi linajengwa juu ya kosa.

Ukinunua leo kitasa cha pini cha daraja la juu unauona uongo huohuo umevaa nguo nyingine. Pini zake zimenyolewa katikati zikawa na kiuno chembamba, nyingine zimechanjwa meno kama skrubu. Ya kiuno ndiyo inayowafundisha watu unyenyekevu. Unakaza, unasukuma, ghafla silinda inazunguka kwa nyuzi kadhaa, kubwa kuliko kawaida. Mwanafunzi hudhani kimefunguka. Hakijafunguka, kiuno cha pini kimenasa mpakani. Akikaza zaidi anajifungia mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kinachohitajika ni nguvu.

Lakini angalia uongo huo unavyojitoa. Kitasa cha pini za kawaida hakizunguki nusu. Kikizunguka nusu na kusimama kimeshakiri kwamba kina pini zenye kiuno, na kwamba zilizobaki zote ni za namna hiyo. Unachofanya ni kulegeza mkono kidogo na kuigusa kila pini. Ile iliyonasa kwa kiuno, ukiisukuma, inairudisha silinda nyuma dhidi ya kidole chako. Unairuhusu. Hapo ndipo pagumu: ulegeze kiasi cha kuiacha silinda irudi unywele mmoja, lakini usilegeze kiasi cha kuziangusha pini ulizokwisha kuziweka. Pini inavuka, silinda inarudi mbele, safari hii hatua ndefu zaidi. Za meno zinataka mkono mwepesi kuliko huo, kwa sababu kila jino linabofya kama vile umefika. Mimi huwaambia wanaoanza wakikaze kitasa kwa uzito wa kidole kilicholala, si kidole kinachobonyeza, na bado karibu wote hubonyeza.

Ni kinasi cha Chubb tena. Kila mtego unaowekwa ndani ya kitasa lazima ufanye kitu unapoguswa, na kitu hicho, kwa aliyetulia, ni habari. Watengenezaji wajanja zaidi waliliona hilo wakaacha kuongeza uongo kwenye njia ileile, wakaongeza njia ya pili. Vitasa vya Medeco vya Marekani, kwa mfano, vinataka pini ifike kimo chake na pia izunguke hadi pembe yake, ndipo kipande cha ubavuni kiruhusu silinda kupita. Vitasa vya Abloy vya Ufini havina pini zenye springi hata kidogo, vina visahani vinavyozungushwa. Chuma chako cha kuchokonolea kinakuta jibu la swali moja halikisaidii kwa swali la pili. Vinafunguka navyo, kwa wajuzi wenye vyombo walivyojitengenezea na jioni nyingi za kupoteza, ila ni mlima mwingine.

Turudi London. Tarehe 29 Agosti Hobbs alilifungua na kulifunga tena mbele ya waamuzi. Kesho yake ufunguo halisi ukajaribiwa, ukafanya kazi bila taabu yoyote, maana yake kufuli halikuvunjwa wala kujeruhiwa. Tarehe 2 Septemba waamuzi wakaandika kwamba hela ni zake.

Bramah walilipa, na walilipa huku wakilalamika. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Huyu bwana alipewa chumba tulivu na mwezi mzima. Aliruhusiwa kufunga vyombo kwa skrubu kwenye ubao. Hakuna aliyemkatiza. Mwizi gani anapata saa 51 mlangoni pa mtu? Magazeti yakabishana kwa wiki kadhaa, wengine wakiona heshima ya taifa imeguswa na mgeni.

Kwa maoni yangu Bramah walikuwa na haki kuhusu mwizi na walikosea kuhusu dau. Tangazo lao halikusema mwizi. Lilisema fundi, likasema chombo, na halikutaja muda wala skrubu. Ukijigamba kwamba haiwezekani, mtu mmoja akionyesha inawezekana, umeshindwa hata kama alitumia mwaka mzima. Lakini wale waliotoka pale wakisema kitasa cha Bramah hakina maana nao walikosea vibaya. Kitasa kilichomtaka bingwa wa nchi mbili atumie saa 51 akiwa na ruhusa ya mwenyewe kilikuwa, kwa mlango wa duka la London, kitasa bora kuliko karibu vyote. Kosa la Chubb la dakika 25 na kosa la Bramah la saa 51 si kosa moja, ingawa mitaani yalitajwa kwa pumzi moja.

Mara nyingi huulizwa kama kuyasema haya hadharani si kuwafundisha wezi. Swali hilo Hobbs aliulizwa pia, na jibu lake lilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao kuliko sisi tunavyoweza kuwafundisha, na asiyejua ni mwenye mali. Ningeongeza la kwetu: mwizi wa mtaani huvunja dirisha, hukata bawaba au husukuma mlango kwa bega. Hana jioni tatu za kusikiliza pini. Hata hivyo utaratibu wa Hobbs ndio uliobaki kuwa desturi kwenye vilabu vya mchezo huu vya Uholanzi, Ujerumani na kwingineko: unafungua kitasa chako au ulichoruhusiwa na mwenyewe, na hugusi kinachotumika mlangoni, kwa kuwa pini ikikwama ndani mwenye nyumba analala nje. Na kwa walioko Kenya na Tanzania, sheria ya makosa ya jinai inaweza kumwadhibu anayekutwa na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Vyuma vyako viache mezani nyumbani, usivitembeze kwenye begi.

Hobbs hakurudi kwao mara moja. Alibaki Uingereza akafungua kiwanda chake cha vitasa hapohapo London, akakiongoza hadi mwaka 1860, kisha akarudi Marekani na kuishia kwenye utengenezaji wa risasi za bunduki. Lakini naye alikuwa ameweka dau. Kitasa cha Parautoptic kilipewa fundi Mwingereza aitwaye Garbutt kwa siku 30, akashindwa. Waingereza wakasubiri. Mwaka 1854 fundi mmoja wa Chubb alifungua kitasa kingine cha Hobbs, kile alichokibuni mwenyewe na kukiita kilindaji, na nadhani siku hiyo ofisini kwa Chubb hapakuwa na kazi nyingi iliyofanyika.

Parautoptic yenyewe ilifunguliwa nyumbani kwao Marekani katika muongo uleule. Aliyeifungua ni Linus Yale mdogo, mtu aliyekuwa amesomea uchoraji kabla ya kuufuata ufundi wa baba yake. Yale hakuishia kuifungua. Mwaka 1861, na tena 1865, alisajili kitasa kidogo cha pini chenye ufunguo bapa, na pini zake zilikuwa wazo lililotumika Misri ya kale kwenye makomeo ya mbao. Ni hicho kilichoko mlangoni kwangu na yawezekana kwako, na kinafunguka kwa kuitafuta pini moja iliyobanwa kabla ya wenzake.

Lile kufuli la Piccadilly liko kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London.